Kibanda cha Shanga cha Kariokor, na Vitu Vingine Vinavyoingia Kwenye Mkufu

Nianze na bei, kwa kuwa najua ndiyo mtaniuliza kwanza. Shilingi mia tano kwa somo moja la kutunga shanga. Kwa hizo unapewa kiti cha plastiki, sindano mbili nyembamba, uzi, shanga za kutosha bangili moja, na mama wa makamo ambaye hatakuruhusu kuinuka kabla hujafunga fundo la mwisho kwa mkono wako mwenyewe. Chai ni juu yako. Kibanda hakina bango. Kimo ndani ya soko la Kariokor, Nairobi, ukishapita vyondo na sandali za ngozi, na utakitambua kwa chupa za jemu zilizojaa shanga na kupangwa kwa rangi hadi darini. Ukiwauliza majirani mama wa shanga yuko wapi, watakuuliza yupi, maana wako wengi. Sema yule anayefundisha.

Mimi ni karani wa hesabu katika sacco moja mjini, na naishi mtaa wa Umoja. Nashinda na safu za tarakimu ambazo zikilingana hakuna anayeona, zisipolingana kila mtu anaona. Jioni nikishuka kwenye matatu sina cha kuonyesha kwamba nimefanya kazi ila macho mekundu. Ndiyo sababu nimekuwa nikizunguka jiji hili nikitafuta kazi ya mikono: mapambo ya shanga, vitu vya zamani vya kufumua na kuunganisha upya, na karatasi. Mahali pote ninapofika napima kwa swali moja. Nikitoka hapo, vidole vyangu vinajua nini ambacho havikujua nilipoingia? Kwa kipimo hicho maduka mengi mazuri ya mjini yanaanguka, na kibanda kisicho na bango kinapita.

Linganisha na darasa nililohudhuria katika jengo moja la maduka, jina naliacha. Taa nzuri, meza ndefu nyeupe, shilingi elfu tatu na mia tano pamoja na juisi ya maembe. Kila mmoja alikuta mbele yake kisanduku: shanga zimeshahesabiwa, waya umeshakatwa, karatasi yenye picha za hatua za kufuata. Mwalimu, binti mpole kabisa, alitusomea ile karatasi. Saa mbili baadaye sote tulikuwa na bangili zinazofanana, tukapigwa picha mikono imenyooshwa katikati ya meza. Kifungio cha yangu kiliachia kabla mwezi haujaisha, na sikujua pa kuanzia kukitengeneza kwa kuwa kililetwa kimeshafungwa. Juisi ilikuwa nzuri, hilo silikani.

Mama wa Kariokor haanzi na bangili. Anaanza na kuchambua. Anamwaga konzi ya shanga juu ya kitambaa cheupe na kukuambia utoe zile nene kupita kiasi, zile nyembamba, na zile ambazo tundu limekaa upande.

"Mama, si nianze tu?" nikamuuliza.

"Hiyo ndiyo kuanza."

Nilipofika safu ya tatu ndipo nikaelewa. Ushanga mmoja mnene ukiingia kati ya wembamba, safu nzima inapinda, na safu inayofuata inarithi kosa hilo na kulizidisha. Mtu wa hesabu anaijua hali hiyo vizuri. Pale darasani kwenye taa nzuri shanga zilikuwa zimechaguliwa na mtu mwingine, kwa hiyo sikujua hata kwamba kuna kuchagua.

Shanga zenyewe ni somo. Hizi ndogo za kioo, ambazo macho ya watu wengi yanaziona kuwa za Kimaasai tangu zamani, nyingi zimekuwa zikitoka Ulaya, hasa Jamhuri ya Cheki, sehemu za Jablonec, na siku hizi za kutoka Uchina zimejaa sokoni kwa bei ya chini zaidi. Kabla ya kioo kuenea, watu walitumia mbegu, mifupa, udongo na kauri za pwani. Mama anauza za Cheki na za Uchina pia, na hafichi ipi ni ipi. Za Cheki zinakaribiana ukubwa, kwa hiyo unatupa chache. Za bei ya chini unatupa nyingi, na nyingine zimepakwa rangi juu tu. Namna ya kujua ni rahisi: chovya pamba katika dawa ya kuondolea rangi ya kucha, sugua ushanga mmoja, uone kama pamba inabadilika. Mama alinifanyia jaribio hilo kwa shanga zake mwenyewe, za waridi, na pamba ikawa ya waridi. "Hizi nawauzia wanaotaka bei," akasema. Muuzaji wa namna hiyo nampa nyota kabla sijafungua pochi.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba namba ikiwa kubwa ushanga ni mdogo. Namba 11 ina upana wa milimita mbili na kidogo, namba 8 ni kama milimita tatu, namba 6 ni kama nne. Mimi mwenye miwani nilipewa namba 8 na sikubishana.

Baada ya kuchambua ndipo uzi. Unaupitisha kwenye kipande cha mshumaa mara kadhaa ili usisambaratike wala kujisokota. Nilivuta kwa nguvu zote nikidhani kukaza ndiko ubora, na mama akanishika kifundo cha mkono: "Dada, usivute hivyo, hufungi mbuzi wa Krismasi." Safu ikikazwa mno bangili haikai bapa, inajikunja na kusimama kama kikombe kilichopoteza kitako. Kisha akanionyesha vile vipande vyembamba vinavyowekwa kwa vipimo kati ya safu ili zishikane zisitawanyike. Zamani vilikuwa vya ngozi, na vya ngozi bado vipo. Vyake amevikata kwenye dumu la mafuta ya kupikia, akavitoboa kwa sindano iliyopashwa moto. Mkanda mpana wa shanga unaouona shingoni kwa akina mama wa Kimaasai wa Kajiado unashikiliwa na vitu hivyo pamoja na waya wa ndani. Nimevaa mapambo ya namna hiyo tangu niko msichana na sikuwahi kuyageuza nikaangalia upande wa nyuma.

Tukafika kwenye rangi. Mama amezaliwa Kajiado na alinieleza bila kufanya ionekane siri: nyekundu ya damu na ushujaa, nyeupe ya maziwa, bluu ya mbingu, kijani ya majani baada ya mvua. Mimi nilitaka zambarau na kijivu, rangi za sare yangu ya shule. Nilitarajia kukatazwa. Alitazama chupa, akatazama mimi. "Hiyo si ya kwetu. Ni yako. Fanya."

Kasoro zipo, tena si ndogo. Mwanga ni hafifu, na ikifika saa kumi jioni huwezi kutofautisha bluu iliyokolea na nyeusi; nilifumua safu mbili kwa sababu hiyo. Wanunuzi wa jumla wanaopeleka bidhaa Maasai Market wakifika, mama anakuacha na sindano mkononi anaenda kuhesabu mikufu kwa dazeni, na huwezi kumlaumu, ndio wanaomlipia karo ya watoto. Wiki zenye wateja wengi unaweza kukaa nusu saa ukiwa huna wa kukuambia kama umekosea. Vifungio anavyouza ni vya chuma kilichopakwa rangi ya fedha na vinashika kutu haraka. Mimi hununua shanga na uzi kwake, na vifungio nabeba vyangu.

Vinatoka wapi? Gikomba, kwenye soko la mitumba.

Lakini ngoja kwanza, maana kuna watakaoniambia, kwa nini uende kote huko na karakana ya shanga ya Kazuri iko Karen? Kazuri nawapenda. Karakana ilianzishwa na Susan Wood mwaka 1975 na wanawake wawili, na sasa mamia ya wanawake wanafanya kazi pale, wengi wao wakilea watoto peke yao. Unaona udongo ukifinyangwa mkononi ushanga mmoja mmoja, ukachomwa, ukapakwa rangi kwa brashi, ukarudi tena kwenye tanuri. Ukishaona mikono mingapi imepita kwenye ushanga mmoja huulizi tena mbona mkufu una bei ile. Nawapeleka wageni huko kila nikipata wageni. Ila ni mahali pa kutazama na kununua kazi iliyokamilika, na mimi sasa natafuta pa kuchafulia mikono yangu. Vivyo hivyo Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambamo kuna sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais na ambaye mwaka 1972 alianzisha jumba la sanaa la African Heritage pamoja na Alan Donovan. Ukiingia pale usitazame mapambo kwa ujumla. Tazama viungio: shaba imeunganishwaje na kaharabu, uzi umefichwa wapi. Nimetoka pale na michoro kwenye kitambulisho changu cha kazi, upande wa nyuma, kwa kuwa sikuwa na karatasi.

Haya, Gikomba. Wanaoijua hawahitaji maelezo na wasioijua hawataamini, kwa hiyo nitasema yanayohusu mapambo tu. Nguo ndizo zinazoleta watu. Mimi naenda kwa mishipi na mikoba. Mshipi wa ngozi uliopasuka unauzwa kwa bei ya kutupa, na hakuna anayeangalia kichwa chake, ile sehemu ya kufungia. Hapo ndipo hazina ilipo. Mikoba ya zamani ina pete, minyororo na vifungio vya shaba ya njano ambavyo leo havitengenezwi hivyo, vinene, vinavyofunga kwa mlio. Nabeba sumaku ndogo niliyoing'oa kwenye mlango wa kabati. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi, narudisha. Isiposhika, naanza kupatana.

"Mum, hiyo ni kamera, mia tatu," kijana ananiambia, akimaanisha ya daraja la kwanza.

"Kamera na imekatika? Hamsini."

"Mum, unataka niende nyumbani na nini? Mia mbili."

"Nataka hiki kichwa tu. Ngozi bakia nayo."

Hapo huwa anacheka, anachomoa kisu, na tunakubaliana mia moja. Amekuja kunijua kama yule mama wa vichwa vya mishipi, na ananiwekea kwenye mfuko wa karatasi chini ya meza. Ikifika jioni, vile vilivyobaki vinashuka hadi fagia, yaani mabaki ya kumaliza, na kwa fagia unaweza kupata rundo zima kwa bei ya nauli. Lakini fagia ni ya wenye subira, na mimi sitaki kukutwa Gikomba giza likiingia nikiwa na simu mfukoni.

Shaba ikifika nyumbani inakuwa nyeusi na inanuka jasho la watu wa Ulaya. Nusu ya ndimu, chumvi kidogo, sugua, suuza, kausha vizuri. Inang'aa hadi unajiona. Ukiivaa kwenye ngozi na ukatoka jasho itakuachia alama ya kijani, hiyo ni shaba nyekundu iliyomo ndani yake na inatoka kwa sabuni. Haidhuru. Kinachodhuru wengine ni nikeli iliyomo katika hereni nyingi za bei ya chini: ndugu yangu mdogo alivaa jozi aliyonunua mjini, masikio yakavimba na kuwasha wiki nzima. Tangu siku hiyo hereni zote ninazotengeneza nazitia ndoano za shaba au za fedha, hata kama bei inapanda.

Kuna kona nyingine ya Gikomba ambayo naipenda kuliko zote, kwa mafundi wa cherehani wanaokata nguo za mitumba na kuzishona upya. Koti linapogeuzwa kuwa sketi, vifungo vinabaki. Fundi mmoja ana debe lake la vifungo, na kwa shilingi hamsini anakuruhusu kuchota konzi moja bila kuchagua. Katika konzi moja nilipata vifungo vya pembe, vya mbao, vya kioo cheusi chenye maua, na kimoja cha chuma chenye nanga. Vifungo vya zamani vinatoboka vizuri na vina uzito unaofaa hereni. Nilipomuuliza kwa nini hauzi kwa bei zaidi, alisema vifungo si kazi yake, kazi yake ni kushona. Nilitoka bila kujua kushona, lakini najua kuangalia tundu la kifungo na kusema kama lilichongwa kwa mkono au kwa mashine, na hilo alinifundisha bure wakati anasubiri umeme urudi.

Siku hizi wako vijana wanaofika hapo alfajiri balo likifunguliwa, wananunua gauni kwa mia mbili, wanafua, wanapiga pasi, wanalitundika mbele ya ukuta mweupe, na kufika jioni gauni ni la elfu mbili na limeitwa la kale. Siwalaumu. Kuamka ni kazi na jicho ni kazi. Lakini kama una miguu na sumaku, nenda mwenyewe.

Karatasi ndiyo iliyonishangaza kuliko yote, kwa maana niliiendea mwisho nikidhani ni kazi ya watoto wa chekechea. Uganda akina mama wengi wanaishi kwa shanga za karatasi, na ukishajua namna yake unaona ni kwa nini. Unakata pembetatu ndefu na nyembamba, kitako kama sentimita mbili na urefu kama thelathini. Unaanza kuviringisha kutoka upande mpana, juu ya kijiti cha meno au spoki ya baiskeli ukitaka tundu pana, na ncha inapofika mwisho inakaa katikati ya ushanga. Gundi unaitia kuanzia mzunguko wa pili, ukiitia mapema inashika kijiti. Pembetatu inakupa ushanga mnene katikati. Ukikata utepe ulionyooka unapata kibomba. Kisha vanishi, ikauke, tena, ikauke, tena. Usipopaka ya kutosha, mvua ya kwanza ya Aprili itakurudishia karatasi.

Na karatasi bora kuliko zote, baada ya majaribio mengi mezani kwangu, ni kalenda. Kila duka la vipuri, kila kanisa, kila mwenye gari la kubeba mizigo katika nchi hii anatoa kalenda kila Desemba, na mwaka wake ukiisha zinatupwa. Ni nene kiasi, inang'aa, na rangi zimekolea. Gazeti ni laini mno, linalowa gundi na kuvimba, tena wino unahamia vidoleni. Pakiti ya unga wa ugali, ile ya kilo mbili, ni ngumu kuviringisha lakini inatoa ushanga mgumu wa rangi ya udongo wenye mstari mwekundu ambao huwezi kuupata penginepo. Pakiti za majani ya chai zina rangi nzuri lakini zina nta ndani, gundi haishiki.

Nikitaka picha za zamani naenda kwa wauzaji wa vitabu wa kando ya barabara mjini, wale ambao watu wanaviita vibanda vyao "inama" kwa sababu huoni kitu usipoinama. Atlasi zilizopoteza jalada, vitabu vya muziki wa kanisa, majarida ya mapishi ya Uingereza. Ramani inatoa ushanga wa bluu na hudhurungi ambao hakuna mtu anayetambua kwamba ni bahari. Muuzaji mmoja aliniletea rundo la Weekly Review, lile jarida la Hilary Ng'weno lililoanza mwaka 1975 na kufungwa mwaka 1999, akasema nipe mia mbili uchukue zote ukakate. Nilizichukua. Sijakata hata moja. Nilizisoma usiku, nikitafuta majina ya watu ambao baba alikuwa akiwataja akinyoa ndevu, na sasa ziko chini ya kitanda. Kuna mpaka wa kazi hii na mimi mpaka wangu ni huo.

Huduma ya inama naipa alama nzuri kwa bei na kwa mazungumzo. Kwa usafi hapana. Vumbi la vitabu hivyo linaniletea chafya hadi kesho yake. Vikaushe juani kabla ya kuvileta karibu na gundi.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, tarehe 28 Agosti 2017, nilikuwa nafunga zawadi kwa mifuko ile ya kitambaa chepesi inayochanika upesi. Siku hizi naikunja kalenda hiyohiyo kuwa kisanduku cha hereni, bila gundi, kwa mikunjo tu. Anayepokea anafungua polepole kwa sababu anataka kusoma tarehe zilizo ndani. Mtu wa mwisho niliyempa alikuta tarehe yake ya kuzaliwa kwenye kifuniko na akadhani nilipanga. Nilinyamaza.

Basi nilipokuwa na kichwa cha mshipi cha shaba, shanga za karatasi za bluu na zile za kioo za zambarau, nilirudi Kariokor kuunganisha. Nilikuwa nimechora mkufu wenye kichwa kile katikati ya kifua, nikautunga hivyo. Mama aliupima mkononi, juu, chini, bila kusema. Kisha akauweka shingoni mwangu na kuniambia niiname kana kwamba naokota kitu. Shaba ikazunguka ikaenda chini ya kwapa, ikavuta shanga zote upande mmoja.

"Nzito kuliko ndugu zake," akasema. "Weka nyuma."

Tukakigeuza kuwa kifungio, kikakaa nyuma ya shingo, na uzito wake ndio unaoushikilia mkufu usihame. Mbele ni karatasi na kioo tu, nyepesi. Ni wazo ambalo hakuna kisanduku chenye hatua za kufuata kingenipa, na lilinigharimu dakika ishirini za muda wake, ambazo alikataa kulipwa akasema nimletee vifungio vya shaba nikivipata. Nimemletea. Yeye sasa anauliza bei ya vile vya Gikomba, na nadhani vile vya kutu vitaondoka kibandani punde.

Mkufu mzima, nikihesabu kikarani, umenigharimu chini ya mia sita bila nauli. Nimeuvaa kazini. Na hapa niseme jambo ambalo limekuwa likinikera kidogo. Kila anayeuona swali lake la kwanza ni moja: unauza ngapi? La pili: una ukurasa? Mhasibu mwenzangu alishanipigia hesabu ya faida kwa mwezi kabla sijamaliza chai. Nairobi haimwelewi mtu anayetengeneza kitu asikiuze. Itadhani anaficha biashara au anaumwa. Wenye kuishi kwa kazi hii wanajua ilivyo ngumu, na mimi nawaona kila Jumamosi wakipunguziwa bei hadi chini ya gharama ya uzi. Mimi nina mshahara. Nikigeuza shanga kuwa hesabu, nitakuwa na kazi mbili za hesabu na jioni zangu zitakuwa zimekwisha. Natoa zawadi, nafumua, natengeneza tena. Dada yangu anaita huo ni ubadhirifu. Yeye ana mikufu mitatu.

Kwa anayetaka kwenda: Jumanne na Jumatano mama ana nafasi, Jumamosi fika kabla ya saa nne asubuhi la sivyo utafundishwa kwa macho tu. Kaa upande wa mlango ili upate mwanga. Beba miwani yako hata kama unaona aibu nayo, beba mkasi wako mwenyewe kwa kuwa wake mmoja unazunguka kibanda kizima, na ukiwa na kalenda kuukuu za rangi ya kijani mpelekee, anaanza kuviringisha na yeye. Watoto anawakubali kuanzia umri wa kuweza kukaa kitako saa moja, anavyosema mwenyewe, na wengine wazima hawajafika umri huo. Choo cha soko kinalipiwa. Malipo ni taslimu au M-Pesa kwenye laini yake ya kawaida, hana till, ile namba ya malipo ya biashara, kwa hiyo ada ya kutuma jumlisha mwenyewe kabla hujaanza kubishana kuhusu mia tano.